Maji ya Mtongwe Hadi Marsabit

Mashoga zangu, mmenichosha. Kila ninapokwenda ni swali lile lile, msibani, dukani, hata juzi nimeinama juu ya sufuria ya biriani ya watu, mtu ananivuta kanga: "Mama Saumu, hebu tupe habari za Marsabit." Nimechoka kusema nusu nusu. Nayaandika yote mara moja, msome, na asiyesoma asomewe. Mambo ya bima na makaratasi ya gari nayaacha. Hayo yana mwenyewe, naye ni Baba Saumu, mume wangu, na mkimuuliza mtajuta maana hamalizi.

Mnajua Mama amebakiwa na dada mmoja tu, mama mkubwa Zena. Aliolewa na askari wa kambi ya wanamaji pale Mtongwe, mtu wa Marsabit, na mume alipostaafu wakaenda zao kwao. Mama mkubwa hakurudi tena. Sasa mume alishafariki, macho yake yamezima na miguu haimbebi. Mama naye mgongo wake haukubali kiti cha basi. Kila Ijumaa walikuwa wakipigiana simu, wanalia, wanacheka, wanalia tena. Ijumaa moja Mama akaweka simu chini akaniambia, "Nataka kumuona Zena kabla mmoja wetu hajatangulia."

Changamwe: ugomvi wa tangi

Baba Saumu aliendesha malori ya makontena Kipevu mpaka alipostaafu, na kukaa kitako hakuwezi. Alikuwa na basi dogo la shule alilolinunua limechoka. Akalipaka rangi nyeupe, ingawa manjano bado inachungulia kwenye pembe, akang'oa viti, akatia kitanda cha Mama, jiko la gesi na beseni la vyombo. Likabaki tangi la maji. Tukalipeleka Changamwe kwa fundi wake wa kuchomelea, na hapo ndipo tulipogombana mbele za watu.

Mimi nilitaka tangi la lita mia tatu. Mimi ni mpishi wa harusi, maji nayajua. Ukisema yanatosha, hapo ndipo yanapokwisha. Kuna kupika, kuna vyombo, kuna kuoga, na kuna Mama na udhu wake wa sala tano.

"Mama Saumu, maji si pamba," akasema Baba Saumu. "Lita moja ni kilo moja. Wataka nibebe watu wazima wanne, tena wanaocheza ngoma kila nikishika breki?"

"Na wewe wataka tukaoge mate?"

Fundi alikuwa anacheka huku ameshika kofia yake ya kuchomelea. Baada ya maneno mengi tukakubaliana lita mia, tangi likae chini katikati ya magurudumu, na ndani liwe na vibao vya kuyazuia maji yasiyumbe. Fundi akatoboa pa kutokea maji vidole vitatu juu ya sakafu ya tangi, ili mchanga na taka zitulie chini zisiingie kwenye mfereji. Hivyo vidole vitatu viwekeni moyoni. Chini kabisa akaweka nati ya kufungulia siku ya kusafisha, na ubavuni mwa gari, kwa nje, akatia mfereji mwingine wa kunawia mikono. Nikamwambia ule wa nje ni wa madoido tu.

Kubana maji hakuna aliyetufundisha. Mtu aliyekaa Kisauni, mfereji wake ukikohoa upepo wiki nzima, afundishwe nini? Kuoga ni kwa kata na ndoo, ujipake sabuni kwanza maji yakusubiri. Vyombo hufutwa kwa ganda la ndimu kabla havijaonja maji. Udhu ni kwa birika juu ya beseni, na ya beseni hufulia kitambaa cha jikoni. Tena njia nzima ina misikiti, na msikiti hauna mgeni. Kama nyumba zenu, yetu pia ina maji namna mbili: ya tangi ni ya chumvi, ya kuoshea, na ya kunywa ni yale ya mtungi tunayonunua kwa mkokoteni. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza tangi la gari litatiwa maji gani. Mitungi ya kunywa tuliipanga chini ya kitanda tukaona tumemaliza.

Mtongwe: kisimani

Tulipomchukua Mama akasema lazima kwanza tupite Mtongwe. Tukashika barabara ya Dongo Kundu, tukafika kwenye kiwanja cha nyanya yangu, kile chenye kisima. Mnajua kilikwisha kuuzwa, warithi wakagawana, na aliyenunua anataka kujenga ghorofa. Kisima kitafukiwa.

Mama akasimama ukingoni akatazama ndani. Halafu akaniambia, "Jazeni tangi hapa."

"Mama, maji ya hapa chumvi."

"Jazeni. Na msiyachezee."

Baba Saumu alikuwa hatua mbili kutoka kwake, mikono mfukoni, anasikia kila neno. Mama akanigeukia mimi: "Mwambie mumeo asogeze gari." Baba Saumu akasogeza gari, akashuka, akaniambia, "Mwambie Mama, tayari." Msicheke, hata nyinyi mna wakwe. Tangu anioe, Mama hajamtuma kitu kwa kinywa chake, na yeye hajamkazia macho usoni. Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Mimi ndiye simu yao, na mngenilipa kwa kila neno nililopeleka ningekuwa na nyumba Nyali.

Tukateka kwa ndoo, tukayachuja kwa leso, tangi likajaa. Mama akateka kiganja kimoja akanywa, uso ukamkunjamana kwa ile chumvi, akapanda garini. Mimi nilidhani anataka maji ya bure ya kuoshea. Baba Saumu naye alidhani hivyo hivyo.

Njia ya Nairobi: gari linalochagua maji

Safari ilianza vizuri. Watoto wa njiani walitupungia kwa sababu ya ile manjano ya pembeni. Askari mmoja akatusimamisha akauliza wanafunzi wako wapi, nikamwambia, "Ni huyu anayeendesha, amerudia darasa mara nyingi." Akacheka, akatuachia.

Tulipopita Kibwezi gari likachemka. Moshi mweupe, Mama anasoma dua kitandani, Baba Saumu kaingia chini ya boneti. Nikamletea birika la maji ya tangi. Akalinusa kama mtu aliyeletewa samaki wa jana.

"Chumvi hii italila rejeta. Lete ya mtungi."

Basi maji yetu ya kunywa yakanywewa na gari. Tukakaa kwenye kivuli cha lori bovu tukingoja lipoe, tukila mahamri na mbaazi nilizobeba, na dereva wa lile lori akaja kutusalimu, mtu wa Machakos, akala mahamri kwa adabu lakini mbaazi akazisukuma pembeni akauliza kama hatuna nyama. Mama alimwonea huruma kweli kweli. Alinong'ona, "Maskini, hajui chakula."

Kuanzia hapo Baba Saumu hakunyamaza juu ya maji ya tangi. Sabuni haitoi povu. Chai ikipikwa nayo kwa bahati mbaya haimezeki. "Tumebeba kilo mia za kitu ambacho hata gari halikinywi!" Alisema hivyo Emali, akasema Athi, akasema Thika. Mama alisikia yote akatazama dirishani. Na kila nilipofungua mfereji wa vyombo, sauti kutoka kitandani: "Kidogo, mwanangu. Kidogo." Yeye mwenyewe hakuyagusa. Udhu wake wote aliuchukua misikitini. Nilifikiri ananifundisha kubana, nikakasirika kidogo moyoni, maana mimi si mtoto.

Nanyuki: maji ya mlima

Nanyuki baridi ilitushika mpaka kwenye meno. Mama alivaa kanga juu ya buibui na blanketi juu ya kanga. Tulipewa githeri, Mama akachambua mahindi akayaweka kando moja moja, akala maharagwe. Adhuhuri ilipoingia mimi na Mama tukaenda msikitini, upande wa wanawake, na kwa mgongo ule Mama hasali haraka.

Tuliporudi kituo cha mafuta tulipomwacha Baba Saumu, gari lilikuwa limesimama juu ya dimbwi. Mpira wa maji ulikuwa mdomoni mwa tangi, na kijana wa kituo amesimama pembeni.

"Mzee, hii maji ni ya mlima," alikuwa anamwambia Baba Saumu. "Safi kuliko ya chupa. Jaza tu."

Baba Saumu alipotuona uso ukang'aa, mashoga zangu, kama mtu aliyemletea mke kitenge. "Mama Saumu, nimeimwaga ile chumvi yote! Mwambie Mama, leo ataoga maji matamu, na povu litatoka mpaka alikimbie."

Sikupata nafasi ya kumwambia. Mama alikaa kwenye kidato cha gari. Alilitazama lile dimbwi, maji yakienda zake mtaroni. Kisha akasema, na hakusema na mimi.

"Athumani."

Wallahi, sikuwahi kulisikia jina la mume wangu kinywani mwa Mama. Baba Saumu mwenyewe alistuka, mpira ukamponyoka.

"Athumani, baba, yale yalikuwa ya Zena."

Ndipo akatueleza. Mama mkubwa aliposikia kiwanja kimeuzwa hakudai fungu lake. Alisema kitu kimoja tu kwenye simu: "Rehema, niletee maji ya kisima cha mama, niogee, niyanawe uso. Macho hayaoni, lakini ngozi haijasahau." Na Mama akamwahidi. Alijaza tangi zima kwa sababu aliona ndoo moja ni aibu kumpelekea dada.

"Mama," akasema Baba Saumu, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe mkwe wangu."

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi mwanao?"

"Ungenicheka. Ungesema Mama anasafirisha chumvi."

Na ningesema hivyo hivyo, mwajua. Baba Saumu akafunga mdomo wa tangi akasema anageuza gari, tunarudi Mtongwe sasa hivi. Mama akampigia jirani wa kule. Jirani akasema tingatinga lilikuja siku ya pili baada ya sisi kuondoka, na pale sasa ni udongo mtupu. Mama akaizima simu akaifunga kwenye pindo la kanga. Alilia kimya, na hakuna kinachoniumiza kama Mama kulia kimya. Kijana wa kituo alizima mfereji wake akaondoka taratibu, kama ndiye aliyekosa.

Nilikuwa nimesimama tu pale, nimekasirika na kila mtu, nikakumbuka Changamwe. Nikasema, "Baba Saumu, uliyamwaga kwa wapi? Kwa mfereji au kwa nati ya chini?"

"Kwa mfereji."

"Na mfereji uko vidole vitatu juu."

Akanitazama. Kisha akamgeukia Mama, bila kupitia kwangu. "Mama, yamo. Ya chini kabisa hayakutoka. Nimeyatia ya mlima juu yake, yamechanganyika, lakini yamo."

"Yamo?"

"Yamo, Mama."

Mama akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Akasema twende.

Kupita Isiolo: mfereji wa nje

Tangu hapo lile tangi likawa kama mgonjwa wa nyumbani. Hakuna aliyefungua mfereji. Baba Saumu alipita kwenye mashimo polepole mpaka punda walitupita. Isiolo tulijaza mitungi, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia ambayo Mama aliisifu kwa mwenyewe kisha akanipa kikombe chake nikimalize. Na bado joto la huko lilituibia maji yote. Gari likachemka tena, likanywa mtungi, likachemka tena. Kulipobakia kidogo kufika Laisamis tulikuwa na mtungi mmoja nusu, na gari limesimama kando ya lami likivuta pumzi.

Wanawake wakatokea. Sijui walitoka wapi, maana nchi ile ni wazi na hatukuona nyumba. Walikuwa na mitungi ya manjano mgongoni, yote mitupu, ukiisikia inavyogongana. Waliuona ule mfereji wa nje, ule wa madoido. Mmoja wao, bibi wa rika la Mama, akausogelea akakinga viganja chini yake. Hakuufungua. Alikinga tu akatutazama.

Baba Saumu akatafuta mtungi wetu wa nusu ili awape. Mama akaita kutoka kitandani.

"Athumani. Fungulia."

"Mama, haya ni ya mama mkubwa."

"Mama yangu hakumnyima mtu maji kwenye kisima kile, hata aliyegombana naye. Fungulia, baba."

Akafungulia. Niliyatazama yakitoka na moyo ukiniuma, sitadanganya. Nilitaka kusema basi, imetosha, na aibu ndiyo iliyonifunga mdomo. Yule bibi alikunywa, akamnywesha mwenzake, wakajaza mitungi yao mmoja mmoja bila kusukumana, mpaka mfereji ukakohoa. Msichana mmoja aliyejua Kiswahili alituuliza kama sisi ni watu wa kuleta maji, na lini tutarudi. Baba Saumu, mtu wa maneno, akainama kufunga mfereji uliokwisha kukauka. Yule bibi akampa Mama kibuyu cha maziwa yanayonukia moshi, na safari hii Mama aliyanywa mwenyewe, yote.

Tulipoondoka Baba Saumu akasema, "Vidole vitatu bado vipo, Mama."

"Najua," Mama akajibu.

Marsabit

Marsabit ni mlima, na tulifika umejifunika ukungu. Nilidhani penye ukungu pana maji. Kumbe wapi! Mitungi ilikuwa imepangwa foleni kuliko kwetu Kisauni, na maji huja kwa pikipiki na punda. Tangi la mama mkubwa uani lilikuwa kavu, kuku wanapandia juu yake.

Yeye alikuwa amekalishwa barazani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, shuka mabegani. Alisikia hatua za Mama akageuza kichwa. Mama akapiga magoti kwa mgongo ule ule mbovu, wakashikana nyuso, wakapapasana pua, masikio, mashavu. Kisha mama mkubwa akasema, "Umenenepa, Rehema," nasi tukacheka huku tunalia. Mimi nikamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," akaniitikia marahaba, akaongeza maneno ya Kiborana kwa mjukuu wake alete chai, akachanganya lugha mbili katika pumzi moja bila kujua.

Halafu akauliza, taratibu, "Uliniletea?"

Mama akanigeukia mimi. Nilipogeuka kumtafuta Baba Saumu hakuwepo. Alikuwa amevua shati, kalala chali chini ya gari, kwenye tope na mavi ya kuku, spana mkononi na sufuria yangu ndogo ya mchuzi imekingwa kifuani. Nikamsikia akiilaani nati, kisha akiibembeleza. Ikalegea. Maji yakashuka na mchanga kidogo, mengine yakapotelea kwenye tope, sufuria haikujaa. Nikayachuja kwa pindo la kanga yangu safi, nikayatia kwenye kata, nikampa Mama.

Mama akammiminia dada yake viganjani. Mama mkubwa akanawa uso, polepole, akapitisha vidole juu ya yale macho. Akalamba midomo.

"Rehema. Haya si ya Mtongwe."

Baba Saumu alikuja akapiga magoti pale pale, tope mgongoni, mbele ya wakwe zake wawili. "Mama mkubwa, kosa ni langu. Nilidhani nafanya wema, nikayamwaga. Yaliyobaki yamechanganyika na ya Nanyuki. Na mengine tuliwapa watu njiani. Nisamehe."

Mama mkubwa akanyoosha mkono, Mama akamtilia tena. Safari hii akayanywa, akayakalisha mdomoni kama ninavyoonja mchuzi nikitafuta chumvi. Mimi sijui kama ile chumvi aliionja kweli au aliitaka tu iwepo.

"Yamo," akasema. "Kidogo. Kule mbali, chini kabisa, yamo."

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha msichana, mabega yakatikisika chini ya shuka.

"Basi ni kama mimi! Mimi naota Kiborana siku hizi, Rehema. Nikifa nitazikwa juu ya mlima huu. Mtu akinionja leo atapata Mtongwe kidogo tu, tena mpaka atafute."

Mama alijaribu kucheka naye, ikashindikana. Akaitazama sufuria, yaliyobaki yalikuwa hayafiki kata mbili, na nikaona mkono wake unasita. Mazoea, mashoga zangu. Maisha yetu yote ni kidogo, mwanangu, kidogo. Mama mkubwa hakuona, lakini aliujua ule mkono.

"Mwaga yote, mdogo wangu," akasema, akainamisha kichwa. "Usiweke akiba."

Mama akayamwaga yote juu ya kichwa cha dada yake, na Baba Saumu ndiye aliyeshika beseni.